Mipira ya Juu

Makipa wenzangu wa Runzewe, mliniomba niwaandikie kabla sijafungasha vyombo kurudi kwetu Kishapu. Mlisema mnataka siri za kazi. Siri zenyewe si nyingi, na nusu yake mmeshaziiba, maana mlikuwa mnanichungulia kila nikifunga glovu. Basi nitaandika nilivyodaka kwa miaka kumi na tisa katika timu saba, kuanzia Maganzo hadi hapa. Mambo ya mishahara na ya nani alinisajili kwa mbwembwe nayaacha, kwa sababu hayajawahi kumsaidia mtu kudaka krosi.

Kwanza mkono. Watu hudhani mkono huu nilizaliwa nao. Nilipokuwa mdogo baba alilima mtama na uwele, na ndege wakishuka walishuka wengi mpaka shamba linageuka rangi. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kwa madongoa ya udongo kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Ukirusha madongoa elfu kwa siku, mkono unajifunza wenyewe. Nilipoanza kudaka, nilikuwa naurusha mpira kwa mkono kutoka golini mpaka ng'ambo ya mstari wa kati, winga anaupokea akiwa anakimbia. Ndiyo maana waliniita Kombeo. Jina la Masanja likabaki kwa mama na kwenye kitambulisho.

Maganzo nilifika nikiwa na miaka kumi na tisa, juu ya lori la pamba, nina viatu vya kaka. Kipa wao alikuwa Mzee Ng'wandu. Mzee ni heshima tu, alikuwa na miaka thelathini na nane kama mimi leo, ila kazi yake ya kuchekecha changarawe ya almasi ilikuwa imemkunja mgongo. Nikamwamkia. Hakunijibu mpaka alipoishika mikono yangu akaigeuza juu chini.

"Marahaba. Mikono ya mkulima, itafaa," alisema. "Haya, anguka."

"Nianguke wapi, mzee?"

"Hapo uliposimama. Kuna mahali pengine?"

Uwanja ulikuwa changarawe tupu. Nikajirusha kwa moyo wote, nikaangukia kiwiko, damu ikatoka. Ng'wandu akacheka mpaka akakaa chini.

"Bebe, wewe Masanja, sisi hapa tunatafuta almasi kwenye changarawe. Ngozi yako ya nini?"

Wiki nzima sikugusa mpira. Nilijifunza kuanguka: ubavu wa paja kwanza, kisha nyonga, kisha nyuma ya bega, na mpira ndio unaotangulia kugusa ardhi ili uwe mto wako. Jioni tulikaa tunashona. Alikata sponji ya godoro lake mwenyewe tukaishona ndani ya bukta yangu pande mbili. Glovu zilikuwa za wachomea vyuma, tukazishonea vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye viganja. Zilinuka vibaya, lakini mpira uliganda. Hizi zenu za dukani ni nzuri, ila nawaona mnazifua kwa sabuni ya unga na kuzianika juani. Zifueni kwa maji matupu, zikaukie kivulini, na nisiwaone tena.

Msimu wa pili mwalimu alinipa namba, Ng'wandu akawa kipa wa pili. Hakununa. Kabla ya kila mechi alitoka na mimi kunipasha misuli moto, akinirushia mipira kwa mpangilio ule ule: ya chini kulia, ya chini kushoto, ya kifuani, halafu ya juu, mingi, mpaka nihisi mabega yamefunguka. Mtu niliyemwondoa golini ndiye aliyekuwa ananiandaa nikae vizuri golini kwake. Nilimwona kama mtu anayetimiza zamu yake tu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa alichokuwa ananipa, na nilipoelewa alikuwa ameshazikwa. Wabeja sana, asante, mzee wangu.

Baada ya hapo nikawa mtu wa begi mgongoni. Nimedaka Mhunze, ambako upepo wa kiangazi unausimamisha mpira hewani, ukitoka mapema umekwisha. Nimedaka Kahama kwa timu mbili zisizosalimiana. Nimedaka kwenye uwanja ambao mbuzi walikuwa na haki ya kupita kona ya kulia, na mwamuzi alisimamisha mchezo kuwapisha. Uwanja wenye nyasi pande zote mbili sijawahi kuuona isipokuwa kwenye televisheni.

Geita nilikaa misimu minne. Huko nilijifunza kwamba shabiki wa machimboni anaipenda timu yake, ila anaipenda rashi, mbio za kuwahi dhahabu mpya, zaidi. Siku moja tunaongoza mbili kwa moja, uwanja umejaa. Ikaja pikipiki, mtu akapiga kelele kwamba kuna mahali dhahabu imetema juu juu, watu wanaokota. Ndani ya dakika tano uwanja ulikuwa mweupe. Beki wetu wa kushoto aliondoka na jezi na viatu vyake vya njumu. Mshambuliaji wao aliyekuwa ananikabili na mpira mguuni aliuacha pale pale akakimbia kudandia pikipiki. Nikaudaka, nikatafuta wa kumrushia, nikaona mshika kibendera naye amekitupa kibendera. Tulimaliza mechi wachezaji tisa dhidi ya wanane. Beki alirudi Jumatano na kifuko cha mawe yasiyo na kitu, akaomba msamaha, na Jumamosi alicheza vizuri kuliko siku zote.

Nawaeleza haya ili mcheke kidogo, kwa sababu linalofuata halinichekeshi.

Hapa Runzewe nilikuja nikiwa na miaka thelathini na tatu. Msimu wangu wa tatu alijiunga nasi Deusi Antoni, mtoto wa Ushirombo, mrefu mwembamba kama mimi, kipa wa pili. Alikuwa mtu wa misa na mtu wa maneno machache, ana mke, Mama Neema, na kabinti kamoja. Kabla ya mpira alikuwa akishuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na mdogo wake Fabiani, wakichimba pamoja. Siku moja duara likaporomoka Fabiani akiwa chini na Deusi akiwa juu ameshika kamba. Fabiani hakutoka hai, na Deusi hakushuka tena. Akaja kudaka. Alisema golini angalau unaona juu.

Bega langu la kulia liliharibika mwaka huu, siku chache kabla ya Pasaka. Nilijirusha kuokoa shuti nikagonga nguzo, nikasikia kitu kimetoka na kurudi. Mzee wa kuunga mifupa alinikanda kwa samli siku tatu. Daktari akasema nisinyanyue mkono ule juu ya kichwa mpaka nifanyiwe upasuaji, na nisahau kudaka. Nikamshukuru, nikatoka, na sikumwambia mtu. Mke wangu, Mama Kulwa, nilimwambia mwili umechoka tu. Nitawaambia ukweli: niliogopa. Sijui kazi nyingine. Nikiondolewa golini mimi ni nani?

Nikaanza ujanja. Krosi sikuzifuata tena, nikawaachia mabeki na kuwafokea kama vile ni mbinu. Kurusha nikaacha, nikawa napiga kwa mguu. Mashaka, mtangazaji wetu wa kwenye spika, akasema Kombeo sasa amekomaa, ana utulivu wa hali ya juu. Mwalimu naye aliamini. Jambo pekee ambalo lingeniumbua lilikuwa kupasha kabla ya mechi mbele ya watu wote, na hilo kwa namna fulani halikuniumbua. Nikaona nina bahati.

Siku Deusi alipougua malaria ndipo bahati yangu ilipoeleweka. Alikuja kunipasha mwalimu msaidizi. Akarusha chini, kifuani, halafu akarusha juu. Mkono ukafika sikioni ukakwama. Mpira ukapita. Nikasema jua limenipiga machoni. Akarusha wa pili, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikiwa nimeinama pale nikakumbuka miezi yote ile. Deusi hakuwa amenirushia mpira wa juu hata mmoja. Kulia chini, kushoto chini, kifuani, kisha alikuwa anapiga makofi na kusema, "Tayari, kaka, umewaka," na tunarudi ndani.

Baada ya mechi nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, Mama Neema anampa uji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Pole na homa. Deusi, kwa nini hunirushii mipira ya juu?"

Alikoroga uji kwanza. "Huifikii, kaka."

"Umejua lini?"

"Tangu Pasaka. Nilikuona unavua jezi, unaanza kutoa mkono wa kushoto, wa kulia unausubirisha."

"Na hukumwambia mwalimu?"

"Nimwambie nini? Kwamba kaka yangu ameumia, niwekeni mimi? Nilisema siku ukichoka utasema mwenyewe."

Mama Neema aliweka kata chini. "Shemeji, mwenzako ananyamaza, lakini mimi nitasema."

"Mama Neema, acha."

"Siachi. Mwalimu ameshamwambia, kipa asiyecheza hata mechi moja msimu mzima hawamrudishi. Zimebaki mechi mbili tu. Akizikosa hizo, anarudi duarani. Lile lile la Fabiani, shemeji. Wameshamwita."

Deusi alikuwa anatazama ukutani. Nilimwambia anywe uji upoe, jambo ambalo halina hata maana, nikaondoka.

Hapa ndipo ningependa niwaandikie kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Sikwenda. Mechi iliyofuata Deusi alikuwa amepona, akanipasha kwa mipira ya chini kama kawaida, nami nikaipokea huku siwezi kumtazama usoni. Dakika ya sabini ikaja krosi ya kivivu, mpira wa kudakwa na mtu yeyote mwenye mikono miwili. Ulipita juu ya vidole vyangu ukaangukia kichwa cha mtu wao. Tukafungwa moja bila. Watu walilaumu upepo. Siku ile hakukuwa na upepo. Kwa sababu yangu timu ilibaki na mechi moja, na tusipopata walau sare tunashuka daraja, na Deusi alibaki na mechi hiyo hiyo moja. Nilijichukia, nasema wazi.

Nikamweleza mwalimu kila kitu. Alisema yeye hana tatizo, mwenye tatizo atakuwa Mzee Sayi.

Mzee Sayi, mnunuzi wa dhahabu, ni mwenyekiti wa kamati ya ufundi, na nyinyi mnajua kamati ile haishughuliki na ufundi wa pasi. Mwanzoni mwa msimu walikuwa wamepeleka jezi yangu ya njano kwa mtaalamu, ikarudi na masharti: isiguswe na sabuni na isitoke golini mpaka ligi iishe. Msimu mzima nilikuwa nanuka kama zizi la ng'ombe kwa ajili ya ushindi. Tulipomwambia Mzee Sayi kwamba kipa anabadilishwa, alishika kichwa.

"Mnataka kuniua! Sharti ni kipa asitoke!"

"Shikamoo mzee," nikasema, maana alikuwa amenisahaulisha hata salamu. "Samahani, mtaalamu alisema kipa, au alisema jezi?"

Alitafakari kwa haki kabisa. Akatoa simu akapiga, akaweka sauti kubwa. Mtaalamu alikuwa mnadani, ng'ombe wanasikika.

"Jezi," alisema mtaalamu. "Mtu wa ndani mimi simjui. Nani huyo? Ngoja, kuna mtu anataka kunipunja mbuzi." Akakata.

"Amesema jezi," Mzee Sayi akasema, amefarijika kuliko sisi sote. "Basi avae huyo. Lakini asifue!"

Siku ya mechi nilimvalisha Deusi jezi ile kwa mikono yangu, jina lake likaandikwa kwenye karatasi ya mwamuzi. Ilimkaa sawasawa. Alivaa na kofia, kwa sababu jua la saa kumi linapiga goli la mashariki moja kwa moja, na mimi pia nilikuwa navaa kofia. Nikatoka naye kumpasha. Nilirusha kwa mkono wa kushoto, vibaya, mipira inakwenda upande. Lakini nilirusha juu. Nilirusha mingi, mmoja baada ya mwingine, naye aliruka akaichuma yote, na kila alipotua nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja.

"Kaka, nikifungwa je?"

"Utafungwa. Mimi nimewahi kufungwa na mpira uliomgonga mwamuzi gotini. Simama wima tu, watu wasijue."

Nikakaa nyuma ya benchi, kwenye viti vya wageni, nimevaa fulana ya kawaida na kandambili. Niwaambie kabisa mechi iliisha bila kufungana na hatukushuka, maana sitaki mkae mnahesabu mabao mkakosa jambo lenyewe.

Kipindi cha pili walitubana. Ikapigwa kona ya juu, mpira kama ule ule ulionishinda. Deusi alitoka, akapanda juu ya vichwa vya watu wanne, akaushika kwa mikono miwili na kushuka nao. Spika ikalia, "Kombeeee-ooo! Mzee wa kazi!" Mashaka hakuwa na muda wa kusoma karatasi, aliona njano, kofia na urefu, ikatosha. Uwanja mzima ukaitikia jina langu. Dakika chache baadaye ukapigwa mpira wa faulo unaelekea pembeni kabisa chini ya besela, pale nguzo inapokutana na mwamba, Deusi akauondoa kwa ncha za vidole. Watu walirusha kofia. Kombeo, Kombeo, Kombeo.

Nilifurahi. Hilo ndilo ninalotaka mlijue. Nilijua si mimi, na bado nilifurahi, nikakaa kimya nikajisikiliza nikiitwa.

Mtu aliyekaa pembeni yangu alikuwa mwalimu wa timu moja ya Kahama, amekuja kutafuta kipa. Hakuwa ananijua sura. Akaniinamia.

"Ndugu, huyo Kombeo ni yule wa zamani? Nilidhani amekwisha. Ana mkataba?"

Ningeweza kusema hana mkataba. Ilikuwa kweli, mkataba wangu uliisha siku ile. Angenichukua, ningepata hata nusu msimu kabla hawajagundua, na ningevaa tena glovu. Nililifikiria jambo hilo, wenzangu. Sikulifikiria kidogo.

Kisha nikamwona Deusi kule golini, ameushika mpira, anasikia wanavyoita. Hakukunja uso wala hakuashiria kwamba wamekosea. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri tangu Pasaka.

Nikasimama na kandambili zangu nikaenda kwenye turubai la Mashaka. Alishtuka aliponiona, akatazama golini, akanitazama tena. Nikachukua maiki kwa mkono wa kushoto.

"Ndugu mashabiki, aliyeko golini si Kombeo. Anaitwa Deusi Antoni, wa Ushirombo. Narudia, Deusi Antoni. Kona ile ameidaka yeye. Faulo ile ameitoa yeye."

Deusi aligeuka kutazama spika huku mpira ukiwa kifuani, mpaka mwamuzi akampigia filimbi aucheze. Yule mwalimu wa Kahama alikuwa ametoa kalamu anaandika. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka upande wa goli, "Sasa Kombeo yuko wapi?"

"Ni mimi hapa," nikasema kwenye maiki. "Bega limekufa. Nimeacha kazi leo."

Sikuwa nimepanga kulisema mbele ya watu. Mke wangu mwenyewe nilikuwa sijamwambia. Alikuwa ng'ambo ya uwanja anauza karanga, akalisikia kwenye spika kama mtu mwingine yeyote. Nilimwona anatua beseni, anamwachia jirani, anazunguka uwanja mzima bila haraka. Watu walianza kuita Deusi, Deusi, kwanza wachache, kisha wengi, na mimi nikawa nimesimama pale nalia wala sijifichi. Mama Kulwa alifika, akaniwekea mkono begani, bega la kushoto, lile zima. Sikuwa nimewahi kumwambia ni lipi linaloniuma.